Mashine unayo, chombo je?

Najua wengi wenu mnafungua ukurasa huu kutafuta mbinu za kumnasa mtoto wa geti kali, au kujua shati gani linakwenda na suruali gani. Leo nisameheni. Leo naongelea ndoa ya aina nyingine, ambayo ikivunjika haipelekwi kwa kadhi wala kwa mchungaji. Inakwenda chini ya maji na watu wake.

Kila kijiwe ninachopita, kuanzia Msasani mpaka Kunduchi, sikosi kumkuta msela aliyeangukiwa na zali la mashine ya boti. Kaletewa na mjomba wake kutoka Dubai, au hoteli fulani imeuza ya kwao ya zamani, au marehemu mzee wake aliiacha stoo imefunikwa gunia. Mashine anayo. Swali lake ni moja tu: "Sasa nitafute chombo gani?" Na kabla hujafungua mdomo, keshakwambia anataka boti kubwa, ya kubeba watu wanane, ipakwe rangi za Simba au za Yanga.

Taratibu, mshikaji. Wenye nazo hununua chombo kwanza, kisha wanakwenda dukani kuchagua mashine ya kukifaa. Sisi tunaanza na kilichopatikana. Si dhambi, lakini ukianza na mashine, basi mashine ndiyo yenye kuchagua mchumba. Wewe ni mshenga tu, na mshenga hapeleki posa kwenye nyumba anayoitamani yeye.

Tumchukue binamu yangu, kijana wa Kunduchi, ambaye jina lake nalihifadhi. Ameipata mashine ya nguvu farasi 15, ya stroke mbili, kwa jamaa aliyekuwa akiwavusha wageni kwenda kisiwa cha Mbudya kabla hajageukia biashara nyingine. Hela ya chombo si yake. Ni ya mama yake, shangazi yangu, ambaye anakaanga samaki Feri na amecheza upatu miezi 14 mpaka zamu yake ikafika. Nyuma ya hela hiyo hakuna hela nyingine. Shangazi alinipigia simu mimi. "Wewe uliyesoma, nenda naye. Nisije nikasikia mwanangu kaninunulia jeneza." Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini kwa shangazi ni profesa. Basi nikaenda.

Kabla ya posa tulimkagua kwanza bwana harusi. Mashine ya mtumba inaweza kung'aa kuliko ya dukani, kwa sababu kopo la rangi ni rahisi kuliko pistoni. Kwa hiyo usiangalie rangi. Fungua kofia, tazama chumvi na kutu kwenye kichwa cha injini. Mwite fundi mwenye geji ya kupima mgandamizo, achomoe plagi, avute kamba. Mashine yenye silinda mbili inatakiwa itoe vipimo viwili vinavyokaribiana. Kimoja kikiwa juu na cha pili kimelala, ujue silinda moja imechoka na ile nyingine inabeba familia peke yake. Kisha legeza skrubu ya chini kwenye giaboksi, uone oili inayotoka. Ikitoka nyeusi au kahawia, sawa. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji ya bahari yameshaingia, na huko ndani meno ya gia yanaliwa kimyakimya.

Halafu itumbukize kwenye pipa la maji, iwashe. Mashine nzima lazima ikojoe. Nisameheni tena, lakini huo mshirizi wa maji unaotoka pembeni ndio unaokwambia pampu inapoza injini. Isipokojoa, mara nyingi ni impela, kigurudumu cha mpira kilichomo ndani ya pampu, kimekauka au kimekatika mabawa. Ni kitu cha bei ndogo. Wapo waliounguza injini nzima kwa kukionea uchungu.

Tazama pia jina. Yamaha walianza kutengeneza mashine za boti mwaka 1960, na zile za stroke mbili zimejaa pwani yote hii, kwa hiyo fundi na vipuri havikupi shida. Ukiuziwa Johnson au Evinrude kwa bei ya karanga, jiulize kwa nini. Jina la Johnson liliachwa mwaka 2007, na BRP, kampuni ya Kanada iliyokuwa na Evinrude, ilitangaza Mei 2020 kwamba inaacha kuitengeneza. Ole Evinrude mwenyewe alikuwa Mnorway aliyehamia Marekani, akaanza kuuza mashine zake mwaka 1909. Wanasimulia kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia kumfuatia mchumba wake aiskrimu ng'ambo ya ziwa, akarudi nayo imeyeyuka. Mnaona? Hata huku mapenzi yamo.

Ya binamu ilikuwa salama. Vipimo viwili viko karibu, oili safi, inakojoa kama mtoto. Impela tukabadilisha hata hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi: mguu. Mashine hizi zina mguu mfupi na mguu mrefu. Mfupi ni inchi 15, mrefu ni inchi 20, yaani kama sentimita 38 na 51. Unapima kuanzia pale mashine inapokalia ubao wa nyuma wa chombo, kushuka mpaka kile kibao bapa cha chuma kilicho juu tu ya propela. Kibao hicho kinatakiwa kiwe sawa na tumbo la chombo kwa nyuma, au kishuke chini yake kidogo, sentimita 2 au 3.

Ukifunga mguu mfupi kwenye ubao mrefu, propela inabaki karibu na uso wa maji. Kila wimbi linapoinua nyuma ya chombo, inavuta hewa, mashine inapiga yowe, na chombo hakiendi. Kelele Msasani nzima, mwendo sifuri. Ukifunga mguu mrefu kwenye ubao mfupi, mguu unazama kupita kiasi, unaburuta maji, unamwagia watu wa nyuma, na maji yakipwa unagonga mwamba wa kwanza. Tusisahau kwamba hapa Dar wakati wa bamvua bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asubuhi umeacha chombo kinaelea, mchana unakikuta kimelala mchangani kama ng'ombe.

Mashine ya binamu ni ya mguu mfupi. Shikeni hilo, maana ndilo lililoamua mambo.

Tulizunguka siku tatu. Ngalawa hatukuikawiza. Ni chombo kitamu cha tanga, gogo la mwembe lililochongwa na mabawa yake mawili pembeni, lakini mwili wake ni mwembamba na nyuma hakuna pa kufungia mashine ya farasi 15. Wapo wanaofunga kimashine kidogo kwa ubao wa kuunga. Wao wanajua wanachofanya. Binamu hajui.

Dau tuliloonyeshwa lilikuwa zuri kweli, na bei yake ndiyo iliyokuwa chini kuliko zote. Mwenyewe alilisifia mpaka nikaanza kulitamani mimi. Lakini dau limechongoka mbele na nyuma, na hapo ndipo pana shughuli. Hebu tupige hesabu: mashine yenyewe kama kilo 40, tangi la lita 24 likijaa petroli karibu kilo 20, nahodha anayeshika mpini kilo 70. Jumla kilo 130, zote umeziweka kwenye ncha nyembamba isiyo na kifua cha kuzibeba. Nyuma inazama, omo inatazama mawingu. Wengine wanakwepa hilo kwa kufunga mashine ubavuni, kwenye mti uliokingamishwa. Hapo chombo kinavuta upande mmoja siku nzima, na kikilala upande wa pili propela inatoka nje. Dau limeundwa kwa ajili ya tanga, na kwa tanga litakuzika umelisifia. Mwenye mashine aendelee na safari.

Siku ya pili ndiyo iliyotaka kuvunja undugu wetu. Tulikuta boti ya faiba, futi 16, nyeupe pee, imetoka kwenye biashara ya utalii. Ubao wa nyuma una urefu wa inchi 15 barabara, kama umepimwa na mashine ya binamu mwenyewe. Jamaa akaturuhusu tuijaribu. Watu wawili ndani, mashine ikashikwa mpaka mwisho, ile boti ikainuka juu ya maji ikateleza kama imepakwa mafuta. Binamu alirudi ufukweni macho yamemtoka. Dada wawili waliokuwa wamekaa chini ya mwavuli walimpungia mkono. Kwisha kazi. Nikajua hapa sishindani na boti, nashindana na dada wawili.

Nikamvuta pembeni nikamuuliza: utakwenda baharini na nani? Akasema yeye na wenzake watatu. Na nini? Nyavu, barafu, maji ya kunywa, taa, na samaki wakipatikana. Ile boti ilipaa kwa sababu ilikuwa tupu. Ukiipakia watu wanne na nyavu mbichi, farasi 15 hawana ubavu wa kuiinua tena. Itabaki inakokota tumbo ndani ya maji, mashine imeshikwa mpaka mwisho, petroli inakwenda, na kingo zake ziko chini kiasi kwamba kila wimbi la pembeni linaingia kusalimia. Ubaya si wa boti. Angekuwa mvuvi wa mshipi, watu wawili wanaofuata changu na nguru karibu na matumbawe, ningemwambia lipa leo.

Na kama wewe ndiye huyo mvuvi wa mshipi, usilipe kabla hujaugonga ubao wa nyuma. Faiba ni ganda tu, katikati mara nyingi pamewekwa mbao. Gonga kwa nyundo ndogo au sarafu kuanzia juu mpaka chini. Mlio mkavu, mkali, ni mzima. Mlio wa kibuyu kilichojaa maji, ndani kumeoza. Kisha shika mashine ikiwa imefungwa, iinue na kuikandamiza. Ubao ukicheza pamoja nayo, achana nayo.

Siku ya tatu tukaenda kwa mzee mmoja fundi wa mashua. Tukampa shikamoo, akaitika bila kuinua kichwa, yuko chini ya mashua anasindilia pamba kwenye kiungo. Mashua yake ilikuwa ya futi 20, mbao za mninga, nyuma imekatwa bapa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya mashua na dau kwa mtu mwenye mashine: mashua ina tezi bapa, na tezi bapa ina ubao na ina kifua cha kubeba uzito.

"Mashine gani?" akauliza. Binamu akajibu, farasi 15, mzee. "Mguu?" Mfupi. Akatoka chini ya chombo, akajifuta mikono. "Basi angalau unaijua mashine yako, mwanangu. Wengi wanakuja hapa wananiambia rangi yake."

Nimemaliza kusema habari za faiba kwa haraka, lakini mbao nazo zina uongo wake, tena wa kizee. Chukua kisu chembamba, chomachoma mbao za chini karibu na mkuku na pale mbao za ubavuni zinapokutana na tezi. Kisu kikiingia kama kwenye papai, umeshapata jibu. Tazama misumari: machozi ya kutu yanayotiririka kwenye rangi ni msumari unaokufa ndani ya ubao. Ingia ndani uangalie mataruma, kama yapo yaliyopasuka au kuungwaungwa kwa bati. Uliza chombo kinapandishwa mara ngapi. Mashua ya mbao lazima ipandishwe, ichomwe tumboni kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, ipakwe dawa yake, ndipo irudi majini. Mwenye chombo akikwambia hajakipandisha mwaka mzima kwa sababu hakina tatizo, tatizo linakusubiri wewe. Na ukiweza, kilale majini usiku mmoja kabla hujalipa. Asubuhi hesabu ndoo utakazokumba. Mbao zilizokaa juani muda mrefu huvuja mwanzoni mpaka zivimbe, hiyo ni kawaida. Zikiendelea kuvuja siku ya tatu, hiyo ni kalafati mbovu au kitu kibaya zaidi.

Ya mzee ilikuwa kavu. Kasoro ilikuwa moja, na ndiyo ile niliyowaambia mshike. Tezi yake ilikuwa na kimo cha inchi 22. Mguu wetu ni inchi 15. Kwa hesabu ya darasa la tatu, propela ingekuwa inapunga hewa.

Binamu alitaka kukata tamaa, akaanza kuitaja ile faiba. Mzee akamwambia tezi inakatwa. Unachonga pengo katikati au pembeni kidogo, linashuka mpaka kimo kinachoufaa mguu, kisha unaongeza pedi ya mbao ngumu ili bana za mashine zipate pa kuuma. Hapo sasa umejiletea balaa jingine: pengo hilo ni mlango, na bahari haibishi hodi. Wakati wa kusi, wimbi likija nyuma litaingia humo moja kwa moja. Kwa hiyo mbele ya pengo unajenga ukuta wa pili wa mbao, kama kizimba, wenye matundu mawili ya kutolea maji. Wimbi likiingia linaishia kizimbani na kurudi lilikotoka. Chombo chenye pengo na hakina kizimba, mimi sipandi hata kwa kulipwa. Nawaomba na nyinyi msipande.

Hapo nilimuuliza mzee lile swali la vijiweni: je, farasi 15 zinatosha kwa mashua ya futi 20? Si angetafuta 40?

Kuna hesabu ambayo mabaharia wa dunia nzima wanaitumia kwa vyombo vizito visivyoinuka juu ya maji. Chukua urefu wa chombo kwenye mstari wa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Jibu ni mwendo wa juu kwa maili za bahari kwa saa. Futi 20 zinakupa karibu 6, yaani kilomita 11. Hata futi 25 zinakupa 6.7 tu. Chombo kinapofika hapo kinakuwa kimejitengenezea bonde la mawimbi na kinajaribu kupanda kilima chake chenyewe. Ukiongeza farasi, nyuma inachimba, maji yanachafuka, watu ufukweni wanasema "duh", na unakosonga mbele ni padogo sana. Kwa makadirio ya jumla, tani moja ya chombo na kila kilichomo inataka farasi 4 au 5. Mashua hii ikiwa na watu wanne, nyavu na barafu haizidi tani 2. Farasi 10 zinafanya kazi, 5 zinabaki za akiba kwa siku ya upepo wa mbele. Zile boti kubwa za ringi neti za futi 30 na zaidi ni habari nyingine, hizo kweli zinataka 25 au 40.

Na hapa ndipo hela ya shangazi inapoingia. Mashine za stroke mbili za petroli, zikishikwa mpaka mwisho, zinakula kama nusu lita kwa kila farasi kwa saa. Kumi na tano inakula kama lita 7. Arobaini inakula kama lita 19. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na bei haikai, kwa hiyo tuweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Safari ya saa 3, kwenda na kurudi: lita 21, shilingi 63,000. Kwa 40: lita 57, shilingi 171,000. Tofauti ni 108,000 kila usiku, na kwa mashua hii mtafika karibu wakati uleule.

Wanaojua mgawo wa pwani wanaelewa uchungu wake. Petroli inatolewa kwanza, kabla ya mtu yeyote kushika chake. Ndipo chombo kinapata fungu, mashine fungu, nyavu fungu, kisha mabaharia. Usiku wa samaki wachache, petroli ikila kila kitu, baharia anarudi kwake na kitoweo tu. Akifanya hivyo mara tatu, ya nne anahamia chombo cha jirani.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 2012 mwongozo mzima wa kuokoa mafuta kwenye vyombo vidogo vya uvuvi, ulioandikwa na Oyvind Gulbrandsen, na jambo kubwa analolisisitiza ni hilohilo wazee wanalolisema bure: punguza mwendo. Legeza mkono kidogo tu, chombo kinapungua mwendo kiduchu, petroli inapungua kwa kiasi kikubwa. Tatizo la vijana ni kwamba mkono wa gesi una kilevi.

Kuna kitu kingine kidogo tulichokibadilisha, na nakitaja kwa sababu mashine nyingi za mtumba zinatoka kwenye boti nyepesi za wageni. Propela. Ina namba mbili zilizogongwa juu yake, kwa mfano 9¼ x 11. Ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama inapita kwenye kitu kigumu. Hatua kubwa ni ya boti nyepesi. Ukiipeleka kwenye mashua nzito ni kama kupanda mlima wa Kitonga na gia namba nne: injini inanguruma chini chini, haifikii mizunguko yake, inajaa masizi, inakufa mapema. Mashine nyingi za 15 zinatakiwa zifike kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika zikishikwa mpaka mwisho. Kwa mashua, teremka kwenye hatua ya 8 au 9. Tulibadilishana na jamaa mwenye faiba aliyekuwa na propela ya hatua ndogo asiyoihitaji. Kila mtu akaondoka akidhani amemwingiza mwenzake mjini.

Oili changanya kwa kipimo. Kama mashine imeandikwa 50 kwa 1, lita 25 za petroli ni nusu lita ya oili, ya mashine za boti, si ya pikipiki. Na ukirudi, izungushe kwenye maji baridi ya bomba dakika chache kutoa chumvi.

Karatasi nazo zipo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinataka chombo kisajiliwe na mvuvi awe na leseni. Nenda kwa ofisa uvuvi wa eneo lako kabla hujaweka oda ya rangi.

Mzee alitoa sharti moja. Alisema anauza mashua pamoja na mlingoti na tanga lake, hatenganishi. Binamu akalalamika kwamba tanga litakula nafasi, na siku hizi nani anatweka tanga wakati mashine ipo. Mzee akamtazama kwa muda. Akasema yeye hana ubishi na mashine, ila hajawahi kuona plagi ikilowa mchana wa shwari, karibu na pwani. Hulowa usiku, mbali, kusi limeshika. Usiku huo mwenye tanga anarudi asubuhi amechelewa, asiye na tanga anatafutwa. Makasia mawili akayaweka juu, bure. Maboya ya kujiokolea, manne, moja kwa kila kichwa, akatuambia tukanunue wenyewe na tusirudi bila hayo.

Bei ilipokubaliwa nilimpigia shangazi. Hakuuliza rangi wala mwendo. Aliuliza inavuja? Nikamwambia haivuji. Akauliza ina tanga? Nikamwambia ina tanga. Akakaa kimya kidogo, nikasikia mafuta yanachemka kwenye karai nyuma yake, akasema basi mpeni mzee hela yake.

Mzee alichukua penseli kuchora pengo kwenye tezi, kisha akaiweka sikioni. Akamtuma binamu nyumbani akailete mashine yenyewe, kwa sababu yeye hakati ubao wa watu kwa kipimo cha kuambiwa. Tuliileta kwa toroli, mimi nasukuma, binamu ameishika kama mgonjwa. Ilipopimwa pale mchangani, mguu ulikuwa inchi 15 na robo tatu.